Karo Imelipwa, Je, Daftari Limetazamwa?

Siku ya kufunga skuli, vituo vya mabasi katika miji ya Kenya hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, na vijana waliovaa sare. Ndani ya kila sanduku, chini ya nguo ambazo hazijafuliwa, mna karatasi moja ambayo thamani yake yapita ile ya sanduku lenyewe na vyote vilivyomo. Karatasi hiyo ndiyo ripoti ya muhula. Nyumba nyingi huipokea kwa namna moja: baba huitazama aione namba ya mtoto darasani, kisha hutafuta mahali palipoandikwa karo iliyobaki; mama huuliza kama mtoto alikuwa akila vizuri; halafu ripoti huwekwa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa na stakabadhi za majani chai, na habari zake zimekwisha hata muhula mwingine.

Hebu msomaji amfikirie mkulima wa majani chai katika vilima vya Kericho, mtu wa bidii, asiyekawia kupalilia wala kuchuma. Binti yake yuko kidato cha tatu katika skuli ya bweni, mwendo wa saa tatu kwa basi. Tangu binti huyo alipoingia kidato cha kwanza, baba yake hajachelewesha karo hata muhula mmoja. Malipo ya mwezi yakija, la kwanza ni skuli. Bonasi ya mwaka ikilipwa, la kwanza ni skuli vile vile. Ng'ombe mmoja amekwisha kuuzwa kwa ajili hiyo, na wa pili anatazamwa kwa jicho la namna hiyo hiyo. Siku moja ripoti yaja, na mbele ya hesabu pameandikwa D. Kemia nayo, D. Mkulima afunga safari mpaka skulini, na katika mfuko wa koti amechukua risiti zake zote, zimefungwa pamoja kwa mpira.

"Mwalimu," asema, "nimelipa kila senti. Tazama mwenyewe."

Mwalimu wa hesabu hazitazami risiti. "Mzee," amjibu kwa upole, "hilo twalijua, na skuli yakushukuru. Lakini tangu binti yako aje hapa, umepata kulifungua daftari lake la hesabu hata mara moja?"

Mkulima anyamaza kidogo, kisha asema neno ambalo waalimu wamelisikia mara nyingi: "Mimi niliishia darasa la saba. Nitaona nini katika daftari la kidato cha tatu?"

Mwalimu atoa daftari la binti katika rundo lililo mezani, alifungua, amsogezea. Wala haihitaji mtu kujua hesabu. Tangu ukurasa wa kumi na mbili mpaka wa ishirini hapana alama ya kalamu nyekundu, maana kazi haikupelekwa kusahihishwa. Mahali pengine swali limenakiliwa, ukafuata mstari mmoja wa jibu, kisha nafasi tupu. Tarehe zimeruka kutoka wiki ya pili ya muhula mpaka wiki ya tano. Mkulima awezaye kuona kwa kutupa macho mara moja kwamba kibarua ameacha mistari miwili ya chai bila kuichuma, hashindwi kuziona kurasa ambazo mtoto wake ameziacha bila kuandika.

Mfano huu ni wa kubuni. Lakini ni nani asiye na jirani anayefanana na mkulima huyu? Na labda si jirani tu.

Mzazi wa Kenya hawezi kushtakiwa kuwa mchoyo wa elimu. Historia yote yamshuhudia. Katika miaka ya 1920 na 1930, mabaraza ya wenyeji ya wilaya yalipopewa ruhusa ya kutoza kodi kwa ajili ya maendeleo, watu wa wilaya nyingi walitoa fedha za kujengewa skuli kabla ya kudai jambo jingine lolote. Katika Mkoa wa Kati wazazi walianzisha skuli zao za kujitegemea, wakazilipia wenyewe, hata zilipofungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952. Mwaka 1959, Tom Mboya alipopata ndege ya kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani kusoma katika vyuo vya huko, wako wazazi na majirani waliouza mifugo ili kijana mmoja tu apate nauli na nguo. Na baada ya Uhuru mwaka 1963, mwito wa Harambee ulipotolewa, wanavijiji walipasua mawe, walichanga mbao na mabati, na kwa muda wa miaka michache skuli za sekondari zilizojengwa na wazazi zikawa nyingi kuzishinda zile za Serikali.

Lakini itazame mikono ya mzazi katika habari hizo zote. Imebeba mawe, imebeba mchanga, imebeba fedha, haikubeba daftari. Sababu yake yafahamika. Zamani skuli za sekondari zilikuwa chache mno. Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926, zilipokea vijana kutoka mbali. Aliyebahatika kuchaguliwa aliondoka nyumbani na sanduku lake, akarudi likizoni akisema maneno ambayo baba yake hakuyaelewa. Mzazi aliona kwamba mtoto amekwenda katika nchi isiyo yake, akamwachia mwalimu kila kitu, naye akabaki na kazi ya kutafuta karo. Siku hizi nchi hiyo si ngeni tena. Wazazi walio wengi walipita katika skuli, na wengi walifika sekondari wenyewe. Walakini desturi ya kusimama langoni imebaki kama ilivyokuwa, na hata karani aliyemaliza kidato cha nne huifuata sawasawa na mzee asiyejua kusoma. Huenda karani ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye hana udhuru.

Teknolojia nayo imeurahisisha umbali huo, wala haikuuondoa. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, mzazi wa mwanafunzi wa bweni aghalabu alilazimika kwenda benki, kisha aende na hati ya benki skulini. Na akiwa amekwisha kufika, alionana na mwalimu, hata ikiwa kwa salamu tu. Siku hizi baba aliye Mombasa hulipa karo ya mtoto aliye Nyeri kabla chai yake haijapoa kikombeni. Ni msaada mkubwa, hapana atakayetaka kurudi nyuma. Ila simu hiyo iliyopeleka fedha yaweza pia kumwita mwalimu wa darasa, na hiyo ndiyo kazi isiyotumiwa sana.

Wengi hudhani kwamba kuingia katika masomo ya mtoto ni hisani ya skuli kwa mzazi. Sivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria skuli kila siku ipasavyo, na asiyefanya hivyo bila sababu ya haki aweza kushtakiwa. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba kila skuli ya umma iwe na Chama cha Wazazi, na kila mzazi aliye na mtoto skulini ni mwanachama. Katika Bodi ya Usimamizi, viti sita ni vya watu waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi. Sheria haikusema kwamba kazi ya chama ni kuchangisha tu. Imekitaja pia kuwa msaidizi wa skuli katika kuwaangalia wanafunzi, kuwaongoza, kuwashauri na kuwarudi. Na kuwarudi huko hakuna kiboko, kwa kuwa sheria imekataza kupigwa kwa wanafunzi.

Yaliyo katika sheria ni mema. Yanayotendeka katika mikutano ya wazazi ni mengine. Mkutano uliotangazwa kuanza saa tatu huanza saa tano. Habari ya basi la skuli huchukua saa nzima. Habari ya fedha za chakula cha mchana huchukua saa nyingine na kelele juu yake. Mwalimu anayesimamia masomo husimama mwishoni kabisa akiwa na karatasi za matokeo, wakati ambapo nusu ya watu wamekwisha kuondoka na nusu iliyobaki inatazama mawingu, ikikumbuka kwamba matatu ya mwisho huondoka saa kumi. Hakuna aulizaye kwa nini wanafunzi wa kidato cha pili wote wameanguka katika fizikia, au kama yuko mwalimu wa fizikia. Laiti mzazi mmoja tu angesimama na kuomba kwamba habari ya masomo itangulie na basi lifuate nyuma, mkutano ungekuwa wa namna nyingine. Katiba haimzuii, wala Mwalimu Mkuu mwenye akili hatamchukia.

Mwaka 2020 ulifanya jambo ambalo mikutano mingi ilishindwa kulifanya. Katikati ya mwezi wa Machi skuli zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watahiniwa wa kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, na wenzao wengi wa sekondari hawakurudi hata tarehe 4 Januari 2021. Kwa muda wa miezi tisa na zaidi wazazi waliishi na vijana ambao hapo awali walikuwa wakiwaona katika likizo tu. Masomo yalipita katika redio na runinga. Waliokuwa na simu za kisasa walipokea kazi kwa simu. Na wengine, hasa katika sehemu kavu zisizo na umeme, hawakupata lolote. Katika miezi hiyo wako wazazi waliogundua kwa mara ya kwanza kwamba kijana wao wa kidato cha pili hawezi kusoma ukurasa wa Kiingereza bila kukwama, ingawa ripoti zote zilikuja nyumbani na kusainiwa. Wako pia waliogundua kwamba binti wanayemwita mvivu huamka saa kumi alfajiri kusoma, akipewa nafasi. Skuli zilipofunguliwa ilikuwa yafaa maarifa hayo yasisahauliwe. Yamesahauliwa upesi.

Kuna hoja moja ambayo hutolewa kila mara, nayo yafaa ijibiwe vizuri: kwamba mzazi asiyejua kemia hawezi kumsaidia mwanafunzi wa kemia. Mwaka 2009 wataalamu wawili wa Marekani, Nancy Hill na Diana Tyson, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kukusanya na kulinganisha matokeo ya uchunguzi 50 uliofanywa na watu mbalimbali juu ya wazazi wa watoto wenye umri wa kuingia ujana, yaani wale wa madarasa ya katikati. Waliona kwamba kumsaidia mtoto kufanya kazi ya nyumbani ndilo jambo lenye faida ndogo kuliko yote, na mara nyingine lilifuatana na matokeo mabaya. Lililofuatana na matokeo mema kuliko yote ni lile la mzazi kuzungumza na mtoto juu ya thamani ya masomo, kumweleza anatarajia nini kwake, kuyafunga masomo ya leo pamoja na kazi anayoitamani kesho, na kumfundisha njia ya kujipangia kazi. Msomaji aone vema: katika hayo hakuna hata moja linalodai cheti. Mama anayeuza mboga sokoni aweza kuyafanya yote huku akifunga sukuma wiki.

Uchunguzi mwingine wastahili kutajwa. Peter Bergman, mwanachuoni wa uchumi, alichagua skuli moja ya watu wa kipato kidogo katika mji wa Los Angeles, akapanga baadhi ya wazazi wapelekewe habari mara kwa mara, hasa kwa ujumbe wa simu, juu ya kazi ambazo watoto wao hawakuzifanya: somo gani, zoezi gani, ukurasa gani. Wazazi wengine hawakupelekewa ila ripoti za kawaida. Ilionekana kwamba wazazi walikuwa wakidhani watoto wao wanafanya kazi zaidi kuliko walivyofanya kweli; na waliopata habari zile ndogo ndogo, watoto wao wa sekondari walipanda katika alama. Hapakujengwa darasa jipya, hapakuajiriwa mwalimu. Mzazi alijua tu jambo la juma hili katika juma hili, badala ya kulijua baada ya miezi mitatu, wakati halina dawa.

Los Angeles si Kericho, hilo lajulikana. Lakini tabia ya kijana wa miaka kumi na sita ya kumwambia baba yake kwamba "kila kitu ni sawa" haikuzaliwa Los Angeles.

Kwa mwanafunzi wa skuli ya kutwa mambo ni mengine, na ni mazito zaidi. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2008 kulipa gharama za masomo katika sekondari za kutwa, kwanza Sh. 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kiasi cha Sh. 22,244 kilichopangwa tangu mwaka 2018, vijana wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia kidato cha kwanza. Skuli zao ziko vijijini, walimu ni wachache, na maabara pengine ni chumba kimoja chenye meza mbili. Katika skuli kama hiyo nyumba ni nusu ya skuli. Bweni lina kengele ya kusoma usiku. Nyumbani kengele ni baba na mama.

Na aangaliwe binti anayetoka skuli ya kutwa saa kumi na moja jioni. Akifika nyumbani kuna maji ya kuteka, kuni za kupasua, mtoto mdogo wa kubebwa, na ugali wa watu saba wa kupika. Akimaliza kuosha vyombo ni saa tatu na nusu, na mafuta ya taa ni ya kubahatisha. Kaka yake, aliye kidato hicho hicho, ameketi mezani tangu saa moja. Mwisho wa mwaka kaka yake apata C+, alama ambayo ndiyo mlango wa chuo kikuu, yeye apata D+, na watu wa nyumbani wasema, "Huyu hakujaliwa kichwa." Ni nani aliyepima kichwa chake? Kilichopimwa ni saa zake. Mzazi anayetaka kuingia katika masomo ya binti huyu haitaji kuijua fizikia. Agawe kazi za jioni kwa watoto wote, wa kike na wa kiume. Taa ndogo ya jua yauzwa katika maduka mengi ya vijijini. Inunuliwe, iwekwe juu ya daftari kwanza na juu ya sufuria baadaye. Kuanzia saa moja hata saa tatu redio ipunguzwe sauti, na wageni wakija waketi upande mwingine.

Siku za soko na siku za mavuno nazo zina hesabu yake. Mzazi humzuia kijana siku moja achunge ng'ombe, siku nyingine aende kuchuma kahawa, akidhani kwamba siku moja si kitu. Katika hesabu na sayansi siku moja ni kitu. Mwalimu alifundisha jambo siku ya Jumanne ambalo la Jumatano hulikanyaga kama ngazi, na aliyekosa Jumanne hukaa Jumatano akitazama ubao kama mtu atazamaye mto usio na daraja.

Jambo la kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo latesa wengi, wala si haki kulipita kimya. Mwanafunzi akirudishwa kwa majuma mawili kila muhula, mwisho wa mwaka amepoteza mwezi mmoja na nusu. Si kila mzazi aweza kulipa kwa wakati; mwaka wa ukame hauulizi tarehe ya kufungua skuli. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mzazi ajaye kwa Mwalimu Mkuu kabla ya muhula kuanza, akasema atalipa sehemu fulani sasa na nyingine maziwa yakilipwa, na mzazi ajifichaye mpaka mtoto atumwe nyumbani. Wa kwanza mara nyingi husikilizwa. Na mtoto akiwa amerudishwa, daftari lake lisirudi mikono mitupu: mwenzake wa jirani ana maandishi ya siku hiyo, na mzazi ndiye wa kumpeleka jioni kuyanakili.

Mabadiliko ya mtaala yameongeza jukumu jingine ambalo wazazi wengi hawakulitazamia. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulifanywa mwaka 2023, na wale walioufanya mwaka huo ndio wa mwisho katika mtindo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985. Nyuma yao waja watoto wa Mtaala wa Umilisi, ambao mwaka 2025 walifanya mtihani wa kwanza wa mwisho wa sekondari ya chini, na Januari 2026 wakaanza kuingia Gredi ya 10 katika sekondari ya juu. Hapo kabla mwanafunzi alisoma masomo mengi mpaka kidato cha pili ndipo akayapunguza. Sasa, akiwa angali katika Gredi ya 9, mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano hutakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Pamoja na hiyo huchagua masomo yake na skuli anazozitaka.

Ni uchaguzi mkubwa kwa mtu mdogo. Wako wazazi walioujua baada ya kwisha. Na wako walioujua mapema wakaufanya wenyewe, kwa sababu tangu siku mtoto alipozaliwa walikwisha kumwita daktari. Wote wawili wamekosea, mmoja kwa kutokuwapo na mwingine kwa kuwapo kupita kiasi. Mtoto ambaye alama zake katika hesabu zimekuwa za chini kwa miaka mitatu mfululizo, huku akiandika Kiswahili cha kumfanya mwalimu atabasamu, hasaidiwi kwa kusukumwa katika maabara. Wala mtoto apendaye kufungua redio na kuzirudisha sawa hasaidiwi kwa kuambiwa kwamba heshima iko katika uwakili tu. Yafaa ripoti za miaka yote zitolewe kabatini, zipangwe mezani kwa mwaka wake, mtoto aketi na mzazi wake wazisome pamoja, kisha waende kwa mwalimu na maswali. Stakabadhi za majani chai zaweza kungoja.

Pia iko namna ya kujiingiza ambayo heri isingekuwapo kabisa. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2016, mitihani ya kidato cha nne ilikuwa ikivuja, na wazazi wengine walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Waliiona kama karo ya mwisho. Mwaka 2015 wanafunzi waliopata alama ya A katika nchi nzima walizidi 2,600. Mwaka 2016, Serikali ilipokwisha kulivunja baraza la mitihani na kukaza ulinzi wa karatasi, waliopata A walikuwa 141. Kila mtu na atoe hesabu hiyo mwenyewe. Mzazi aliyelipia karatasi ya wizi alimfundisha mtoto wake somo moja tu katika miaka yote minne ya sekondari, na mtoto alilielewa vizuri sana: kwamba baba haamini kuwa naweza.

Na kuna yule wa fimbo na matusi. Ripoti ikija na namba ya arobaini, nyumba hutikisika, mtoto hulinganishwa na binamu aliyeko chuo kikuu, na na yule mtoto wa mjane ambaye "hata viatu hana." Muhula wa pili mtoto huyo hatakuwa wa arobaini tena, kwa kuwa ripoti haitafika. Itaanguka mtoni, au mwalimu "hakuzigawa." Hasira ya mzazi imeifunga njia pekee ya habari iliyokuwako. Kuuliza "wapi palikushinda?" kwachukua muda mfupi kuliko kupiga, na jibu lake laweza kupelekwa kwa mwalimu.

Sasa na arejewe mkulima wa Kericho, aliyeachwa mbele ya meza ya mwalimu. Hakupewa hotuba. Mwalimu alimwita binti, akamketisha kati yao wawili. Kwa muda binti alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Baba, nilianza kupotea kidato cha pili, tulipofika milinganyo. Niliugua wiki mbili, na niliporudi wenzangu walikuwa mbele. Niliona aibu kuuliza."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe uliniuliza kama nimepata sabuni, Baba. Nikasema nimepata."

Mwalimu alichukua karatasi, akaandika sura nne za kitabu cha kidato cha pili na idadi ya mazoezi ya kila sura. Ilikubaliwa kwamba katika likizo binti atafanya mazoezi matano kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi, baada ya ng'ombe kukamuliwa na kabla ya kwenda kuchuma. Kwamba baba yake ataweka tarehe na sahihi chini ya kila ukurasa uliokwisha, asijali kama majibu ni sawa au si sawa, maana hilo ni la mwalimu. Na kwamba siku ya kufungua skuli daftari hilo litafika ofisini kabla ya sanduku kufika bweni. Kwa kemia walikwenda kwa mwalimu mwingine, chumba cha pili, naye akaandika karatasi yake. Ilipofika saa nane mkulima aliaga awahi basi. Akazikunja zile karatasi mbili, akazitia katika mpira uliofunga risiti, zikiwa juu.